Makaroni ya Marehemu

Sotik, 10 Aprili 1972

Kwa Baba Nyambeki,

Salamu kutoka nyumbani. Watoto hawajambo, yule ng'ombe mweusi amezaa dume, na mvua imeanza. Chai yetu tumeichuma mara mbili tangu uondoke. Hizo ndizo salamu, sasa nisikilize.

Ulipokuja Pasaka uliniambia nipumzike, wewe mpishi wa Wazungu utawapikia watoto makaroni. Nikakaa kwenye kigoda nikakutazama. Ulichemsha vizuri, ukamwaga maji, ukatia maziwa mazito niliyokuwa nimeyaning'iniza kwenye kitambaa. Halafu ukatoa karatasi kwenye mfuko wa koti, ndani yake njugu zilizosagwa, ukazikoroga humo bila kuniuliza wala kunieleza. Mtu anayejaribu kitu mara ya kwanza huonja. Wewe hukuonja.

Mimi nazijua makaroni zote zilizopita mikononi mwako. Memsahibu wa kwanza, yule wa mbwa watatu, alitaka haradali ndani na chembe za mkate mkavu juu. Wa pili alitaka nyanya zilizokatwa duara. Huyu wa sasa anataka mayai ya kuchemsha. Mama yako anaisonga kama ugali na kuimwagia vitunguu vya kukaanga. Yangu unaijua. Hakuna hata mmoja wetu anayetia njugu. Njugu hizo ni mapishi ya watu wa upande wa ziwa, na aliyezisaga laini namna ile si mwanamume.

Nani amekufundisha?

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Miaka minne sasa kila nikisema nakuja Kericho kukuona, mara chumba ni kidogo, mara memsahibu ana wageni, mara kuna surua kwenye kambi ya wafanyakazi. Wake wa watu wengine wanakwenda na kurudi wazima. Na kwa nini nyuma ya bahasha niandike jina la ndugu yangu Alfayo badala ya langu? Nimeandika Alfayo hata leo, lakini ni mara ya mwisho mpaka nijue sababu.

Nimeandika kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Nawe ujibu kwa mkono wako.

Mama Nyambeki


Kericho, 19 Aprili 1972

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Nyambeki,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyenilinda mpaka saa hii ninapoishika kalamu. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa, ingawa ningependa awe jike. Huku baridi ni kali. Mvua ya mawe imepiga chai ya esteti upande wa juu, na bwana meneja anatembea na uso uliokunjwa tangu Jumatatu.

Kuhusu njugu, usijisumbue. Memsahibu alipata mgeni, mama mmoja wa Kizungu aliyewahi kukaa Uganda, naye ndiye aliyetaka njugu ndani ya makaroni. Nilipika hivyo mwezi mzima mpaka mkono ukazoea. Hakuna la zaidi.

Kuhusu kuja, chumba ni kile kile, na sasa paa linavuja upande wa kitanda. Kuhusu bahasha, makarani wa hapa wana tabia ya kufungua barua zinazotoka kwa wanawake, ndiyo sababu. Nilifanya hivyo kukulinda.

Nimempa mtu wa lori sukari na kitambaa cha gauni la Nyambeki. Kitambaa chako kitafuata. Tafadhali endelea na Alfayo kwenye bahasha.

Mumeo mwaminifu,
Gekara


Sotik, 4 Mei 1972

Kwa Dada Dorcus Adoyo, mke wa karani Kepher Owino,

Hunijui, lakini natumaini hutaniona mjeuri. Naitwa Bosibori, nakaa karibu na Sotik, na nina mpango wa kufungua hoteli ndogo pale magari yanaposimama, maana hapo wanapita watu wa Bomet na watu wa Kisii, na wote wanapita na njaa. Jina lako nimelipata kwa Atuti, yule anayeuza ndizi soko la Kiptere. Anasema alikula kwenye harambee ya kanisa makaroni yenye njugu, na mpishi alikuwa wewe, na tangu siku hiyo hakuna chakula kingine anachokisifu.

Ningeomba unieleze unavyoipika na, kama si siri, ulijifunza kwa nani. Huku kila nyumba ina yake. Jirani yangu Mkipsigis anatia mursik, yale maziwa yao ya mgando yaliyotiwa mkaa, kutoka kwenye kibuyu, makaroni inakuwa ya kijivu kwa ule mkaa, na wanawe hawataki nyingine. Mimi nataka itakayowafaa wateja wa pande zote.

Nimetia stempu humu ndani usiingie gharama.

Wako,
Bosibori


Kericho, 23 Mei 1972

Dada Bosibori,

Barua yako nimeifurahia mpaka nikamsomea mzee wangu Kepher. Akasema sasa sifa zangu zimefika Sotik, kesho nitadai viatu vya visigino.

Basi shika kalamu. Chemsha pakiti moja kwa chumvi, uiepue ikiwa bado ngumu kidogo, maana itaiva tena. Maziwa ya mgando yaning'inize kwenye kitambaa safi mpaka maji yote yadondoke. Hiyo ndiyo chizi yetu, yaani jibini, kwa sababu ile ya dukani inanuka miguu. Njugu zikaange, zitoe maganda, uzisage kwenye jiwe. Changanya vyote, tia kwenye sufuria iliyopakwa siagi, funika, weka makaa juu ya kifuniko na machache chini. Njugu ni nyongeza yangu mwenyewe. Mtu akikuambia ni yake, mwambie aje tuonane.

Hayo mengine si yangu. Hiyo ni makaroni ya marehemu. Hapa kwa meneja kuna mpishi anaitwa Gekara, Mkisii, mtu mpole sana. Mke wake alifariki Mei 1968, akamwachia watoto ambao sasa wanalelewa na nyanya yao. Huyo marehemu, Mama Nyambeki, ndiye aliyekuwa akiipika kwa maziwa namna hiyo, kwa kuwa nyumbani kwao hakukuwa na chizi wala oveni.

Chama chetu cha akina mama kina desturi. Jumapili ya tatu ya Mei tunawakumbuka waliotutangulia, na kila mtu analeta chakula alichokuwa akikipika marehemu wake. Gekara anashinda jikoni kwa Wazungu, hana mtu wa kumpikia, kwa hiyo naipika mimi kwa niaba yake, mwaka wa nne sasa. Juzi tumepika tena. Alikula ameinamisha kichwa. Njugu huwa namfungia nyingine kwenye karatasi aende nazo, maana amezizoea.

Ukifungua hoteli yako, andika hivyo hivyo kwenye ubao, Makaroni ya Mama Nyambeki, ili yule mama wa watu akumbukwe na huko.

Dada yako katika Bwana,
Dorcus Adoyo


Sotik, 29 Mei 1972

Dada Dorcus,

Asante kwa maelezo. Barua yako niliisoma mara tatu, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikaisoma tena.

Kabla sijaliandika jina la marehemu kwenye ubao ningependa kujua habari zake, watu wasije wakaniuliza nikakosa la kusema. Alikufa kwa ugonjwa gani? Ni nani kutoka kwenu aliyehudhuria mazishi? Na huyo mume, tangu wakati huo hajapata mwingine? Mwanamume mwenye mshahara kukaa miaka minne bila mke ni habari ngumu kuamini. Nani anamfulia? Nani anamtandikia kitanda?

Nisamehe kwa maswali.

Bosibori


Kericho, 6 Juni 1972

Kwa Bosibori,

Safari hii sikuiti dada mpaka nikuelewe. Mtu anayetaka kufungua hoteli huuliza bei ya pakiti. Wewe umeniuliza nani anamtandikia Gekara kitanda.

Wewe si wa kwanza. Mwaka juzi alikuja mmoja hapa akijifanya anauza mayai, na kila siku mayai yake yalikuwa yanaishia mlango wa Gekara. Tulimwondoa kwa upole, lakini aliondoka. Kwa hiyo nakueleza mapema usipoteze stempu. Gekara tumeshamtafutia mke sisi wenyewe. Anaitwa Mellen, mchuma chai, Mkisii mwenzake, mchapa kazi na mcha Mungu, naye amefiwa na mume. Mara tatu tumemketisha naye, na mara tatu Gekara amelia akaomba apewe muda. Muda umetosha. Mchungaji anakuja mwezi wa nane na tumeshaongea naye, atawafungisha ndoa, hata Gekara akilia mbele ya madhabahu.

Ya marehemu nitakujibu kwa heshima yake, si kwa ajili yako. Alikufa kwa homa ya siku mbili. Hatukwenda kuzika kwa sababu Gekara alisema daraja limebebwa na maji. Tulimchangia mablanketi mawili na sukari, memsahibu akatoa mbuzi. Aliporudi tulifanya ibada, tukamwomba aseme machache juu ya mkewe. Alisema mpaka wanaume wakatoka nje kupenga kamasi. Mtu aliyesikia maneno yale hawezi kumwacha Gekara aangukie mikononi mwa mwanamke yeyote tu.

Nadhani tumeelewana.

Dorcus Adoyo


Sotik, 10 Juni 1972

Gekara,

Nyuma ya bahasha nimeandika jina langu, kwa herufi kubwa.

Nimesikia kwamba nilikufa. Nimeambiwa ni homa, na ni Mei 1968. Mei 1968 ninaikumbuka vizuri. Ulikuja nyumbani wiki mbili bila kutazamiwa, na mbuzi, na sukari, na mablanketi mawili mapya, ukasema memsahibu amekupa zawadi kwa kazi nzuri. Tulipanda miche ya chai mimi na wewe mvua ikitunyeshea, tukirudi nyumbani jioni unaniosha matope miguuni, nami nikajisemea kwamba Mungu amenibadilishia mume. Lile blanketi jekundu nimelilalia miaka minne. Kumbe ni blanketi la matanga yangu.

Naambiwa pia kwamba mwezi wa nane unamwoa Mellen. Wewe ulijua, na Pasaka ulikaa hapa ukala ukanyamaza.

Sitaki kusikia habari za Mzungu wa Uganda. Niambie jambo moja tu, uliniua kwa ajili ya nani? Ukinidanganya tena nawachukua watoto niende kwa Alfayo huko Kimulot, na nikishaondoka usinitumie wazee wa kunibembeleza, maana nitawauliza wao wanamfuata nani ikiwa mkeo alikwisha kuzikwa.

Bosibori


Kericho, 16 Juni 1972

Mke wangu,

Barua yako nilikabidhiwa na karani Owino. Aliigeuza akasoma nyuma, akanitazama, akaisoma tena, halafu akanipa. 

Hakuna mwanamke. Naapa kwa watoto wetu. Nisikilize, kisha uamue.

Mwezi ule watu wa chai walileta habari kwamba miche yetu imefika, na shamba litakalokuwa halijapandwa baada ya siku tano, miche yake atapewa mwingine. Unajua tulivyoingoja miaka miwili. Nikaenda kwa memsahibu kuomba ruhusa. Akasema dada yake anakuja kutoka Uingereza, kuna wageni kumi na wawili mezani wiki nzima, hakuna ruhusa labda pawe na kifo. Alisema hivyo yeye mwenyewe, labda pawe na kifo. Na kweli mtunza bustani alikuwa amefiwa na baba yake wiki iliyotangulia, akapewa ruhusa siku ile ile.

Nilisimama mlangoni pa jikoni nikafikiri nani afe. Baba alikuwa amekufa kweli, na ruhusa yake nilikwisha kuitumia. Mama sikuthubutu. Mzazi ukimtamkia kifo yu hai, laana yake haitoki mwilini mwako, hilo unalijua. Watoto, Mungu apishe mbali. Ulibaki wewe. Mdomo ukasema "mke wangu" kabla sijamaliza kufikiri.

Nilidhani nikirudi litakuwa limekwisha. Nikakuta akina mama wa kanisa wananingoja mlangoni na sufuria za uji. Baada ya hapo nilishindwa kukufufua. Memsahibu akijua atanifukuza bila barua ya sifa, na mpishi asiye na barua hapati jiko lingine nchi hii. Ndiyo maana sikutaka uje. Ndiyo maana ya Alfayo kwenye bahasha. Njugu ni za mke wa karani. Nilizizoea kwa kuzila kila Mei, na Pasaka nilitaka watoto wazionje, sikuwaza.

Mellen sijamgusa hata mkono. Nilidhani nitaendelea kulia mpaka wachoke.

Nipe muda mpaka Krismasi, nitatafuta njia. Usiende Kimulot.

Gekara


Sotik, 22 Juni 1972

Dada Dorcus,

Hakuna hoteli. Mimi ndiye Mama Nyambeki.

Mume wangu alitaka ruhusa aje kupanda chai, akaambiwa ruhusa ni ya kifo tu, basi akanitoa mimi. Amekiri kwa mkono wake mwenyewe. Nilikudanganya kwa sababu nilidhani wewe ndiye mwanamke wake, na wewe ukanikemea kwa sababu ulidhani mimi namtaka. Sikulaumu. Ulikuwa unanilindia mume bila kujua.

Najua hutaniamini, nami nisingeamini kwenye nafasi yako. Kwa hiyo nakupa makaroni yangu kama ilivyo, maana uliyoelezwa ni nusu. Maziwa yaning'inizwe siku mbili, si moja. Yale maji yanayodondoka watu wote huyamwaga. Mimi nayaweka kwenye kikombe. Makaroni ikishaiva naondoa makaa ya juu, nayaacha ya chini mpaka nisikie harufu ya kuungua, halafu nazungushia yale maji pembeni mwa sufuria kidogo kidogo. Ukoko unabanduka mzima, mwekundu, mchachu. Hilo sijamwonyesha mtu yeyote. Gekara mwenyewe huula tu, hajui unavyotokea.

Mpikie hivyo, bila njugu. Mwekee sahani usiseme neno, kisha uniandikie alichofanya.

Na jambo lingine. Uliandika kwamba alipoombwa kusema juu yangu, wanaume walitoka nje. Barua yake ni ndefu na imeeleza mengi, hayo hakuyagusa. Nataka kujua alisema nini. Miaka kumi na moja ya ndoa hajanisifu hata kwa chapati.

Bosibori


Kericho, 3 Julai 1972

Dada Bosibori,

Nakuita dada tena. Miaka minne nimekulilia. Nilikuwa nimekuzoea ukiwa marehemu, na sasa nakuogopa kidogo.

Kwanza nilikuona laghai. Kepher naye alisema huyu ni mwanamke mwenye akili nyingi anayewinda mpishi wa watu, kwa sababu aliliona jina lako nyuma ya bahasha ya Gekara. Nikasema sawa, kupika si dhambi. Nikaning'iniza maziwa siku mbili, nikayatunza maji yake. Sufuria ya kwanza niliunguza mpaka majirani wakaja. Ya pili ikabanduka kama ulivyoandika.

Nilimwita Gekara Jumamosi alasiri, memsahibu akiwa amekwenda klabu. Tulikuwa mimi, Kepher na Mellen. Nikamwekea sahani nikanyamaza. Alitia kijiko cha kwanza kinywani akaacha kutafuna. Akaweka kijiko chini, akatazama mlango wa chumbani kwangu, akasema, "Yuko wapi?"

Hakuuliza ni nani amepika. Aliuliza yuko wapi. Hapo nikajua hukunidanganya.

Akasema yote, hata kabla ya kuulizwa. Kepher alimwambia maneno ambayo mtu wa kanisa hapaswi kuyasema. Mellen alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kitambaa chake vizuri, akasema anataka arudishiwe tetea aliyempa Gekara tulipowaketisha, na asiletewe jogoo. Akaenda zake. Nilimfuata nikamkuta anacheka peke yake njiani, kisha akalia, kisha akaniambia afadhali mwanamume mwongo kuliko mwanamume mwongo aliye mume wake. Jumapili Gekara alisimama kanisani akaungama mbele ya watu. Habari za mwezi wa nane zimekwisha. Memsahibu bado hajui. Hilo tumemwachia mwenyewe, na tumempa mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo Kepher atapeleka habari ofisini.

Sasa yale maneno. Nimekaa siku tatu nikijiuliza kama nikupe, kwa sababu nina hasira naye na sitaki umsamehe haraka. Lakini ni yako.

Ilikuwa ibada ya jioni, ukumbi umejaa. Alianza kwa kukosea kosea, nasi tulidhani ni huzuni, kumbe alikuwa anatunga. Akasema ulikuwa mchapa kazi, ulikuwa mcha Mungu, yale yanayosemwa juu ya kila mtu. Halafu akaigeuza kofia mikononi, na alipoanza tena sauti ilikuwa nyingine. Alisema: "Mimi napikia watu meza kubwa, na wote husema asante, hata kwa kikombe cha chai. Nikifika nyumbani huyu mwanamke huwapa watoto ile laini ya juu, mimi hunipakulia ukoko wote kwa kuwa anajua ndio ninaoupenda, na yeye hubaki akikwangua sufuria kwa kidole. Anadhani simwoni. Namwona kila mara. Sijamwambia asante hata siku moja. Nilidhani tuna wakati." Akataka kuendelea akashindwa, akakaa chini, akajifunika uso kwa kofia.

Nimemuuliza juzi kama hayo nayo aliyatunga. Akasema alipofika hapo aliogopa, kwa sababu alijisikia kana kwamba umekufa kweli na yeye ndiye aliyesababisha. Nilimtazama sana usoni wakati akisema. Naamini hilo moja.

Dada yako,
Dorcus Adoyo


Sotik, 10 Julai 1972

Baba Nyambeki,

Dada Dorcus ameniandikia uliyoyasema siku ile. Niliisomea barua hiyo shambani, nikakaa na kikapu kitupu mpaka jirani akapita akaniuliza kama nimefiwa.

Usidhani hasira imekwisha. Mama yako uliogopa kumtaja, mimi hukuniogopa, na hilo tutalizungumza mpaka tuzeeke. Mablanketi yale nimeyafua nitayarudisha kwa wenyewe.

Lakini nikuambie ukweli, kwa kuwa mmoja wetu lazima aanze. Tangu Aprili nilikuwa namtafuta mwanamke wako. Nilikuwa nimeshamjua sura, mnene, mwenye pengo kwenye meno, anasaga njugu akiimba. Nilipomfikia nikakuta ni mimi, aliyekufa, naye amepewa kila kitu ambacho mimi sikupewa. Amesifiwa, ameliliwa, amepikiwa, wanawake wengine wamekataliwa kwa ajili yake. Nimemwonea wivu, Gekara. Nimelala chini ya blanketi lake nikamchukia.

Krismasi ni mbali. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili napanda basi la asubuhi pamoja na watoto na sanduku langu. Mwambie memsahibu kabla sijafika, au nitamwambia mimi mlangoni pake. Akikufukuza, hiyo chai uliyoniulia imejaa, na inataka mikono yako.

Utakuja kutupokea kituoni, na watu wa kambi waje kama wanataka kuona. Usinipokee mzigo kwanza. Simama mbele yangu uyaseme yale maneno, yote, na kwa sauti ile ya pili. Ulimwambia yeye, naye hakusikia. Mimi nasikia.

Mkeo,
Bosibori